Spiriti Kwanza, Upako Baadaye

Mwenyekiti wa chama chetu cha Waswahili hapa Toronto ameniomba niwaandikie vijana maneno machache ya kuwatia moyo, kwa kuwa nimestaafu na eti nina hazina ya hekima. Hazina yenyewe ni mgongo usionyooka na vidole viwili visivyokunjika, lakini haidhuru. Nimekubali kwa sharti moja, kwamba sitamtia mtu moyo. Moyo mnao tayari, simu zenu zinawaambia kila asubuhi kwamba nyinyi ni watu wa pekee. Mimi nitawaeleza namna ya kufunga antena ya ramani juu ya paa la pikapu, na atakayetiwa moyo na hilo, shauri yake.

Najua pia kwamba wengi wenu mtasomewa haya na mama zenu sebuleni kule Malvern, mtaelewa kila neno, halafu mtajibu kwa Kiingereza. Hewala. Antena nayo husikia tu, haijibu, na kazi yake inakwenda.

Wengine mnanijua kama yule bibi anayelalamikia spika kila sherehe. Naitwa Zuhura, mzaliwa wa Ngamiani, Tanga. Nilipofika Toronto nilipata kazi ya kupokea simu kwenye gereji ndogo ya redio za magari, katika plaza moja ya Scarborough, kati ya duka la roti na saluni. Mwenye gereji alikuwa Mzee Sadru, Mwismaili mzaliwa wa Mwanza, Mungu amrehemu. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, na aliweza kukusema nusu saa nzima bila kutumia hata tusi moja. Siku moja mkono wake ulinasa nyuma ya dashibodi ya gari la watu. Akaniita.

"Wee mama, mikono yako midogo. Weka simu chini, njoo huku."

Ndivyo nilivyopandishwa cheo. Hapakuwa na mahojiano wala semina ya uongozi. Niliingiza kichwa chini ya dashibodi siku ile, na nilipokitoa nilikuwa nimeshazeeka.

Sasa antena. Ni kitu kidogo, kama kiberiti kilichonenepa, chenye waya mrefu unaokwenda mpaka kwenye kioo cha ramani pale mbele. Kazi yake ni kusikiliza setilaiti, na ili isikie inataka uwazi wa mbingu. Si dari, si matawi ya mti, wala si kile kioo cha mbele chenye utando wa madini ambao wenye viwanda wameuweka ili msipate joto wala baridi, maskini. Wamenijia watu wazima, wenye leseni na watoto, wameficha antena chini ya kiti ili isiibiwe, kisha wananiuliza kwa nini ramani inasema wako katikati ya Ziwa Ontario. Nikawa nawaambia labda ramani inawajua kuliko wanavyojijua.

Tulikuwa na fundi mwenzangu, Otieno, kijana wa Kisumu aliyepanga chumba cha chini katika nyumba ya watu kule Brampton. Mchapakazi, simnyimi haki yake. Ila alikuwa na imani kubwa na sumaku. Wiki yake ya kwanza aliweka antena ya sumaku juu ya pikapu mpya iliyokuwa ikimeremeta. Ikateleza, ikaanguka. Akaiokota, akaifuta kwenye suruali, akairudisha. Ikateleza tena.

"Auntie, hii sumaku ni feki," akaniambia.

Mzee Sadru alikuwa ameketi na kikombe chake cha chai, anamtazama kama mtu aliyelipia kiingilio. Pikapu nyingi za siku hizi bodi zake ni za alumini, na sumaku na alumini hawaamkiani hata wakikutana njiani.

"Endelea tu, kijana," Mzee akamwambia. "Labda itazoea."

Huyo huyo Otieno, alipokwisha kujua habari ya alumini, akaifunga ya gundi vizuri sana, akaijaribu humo humo ndani ya gereji, chini ya dari la chuma, kisha akatangaza kwamba imekufa. Alikuwa ameshaanza kuing'oa. Antena mpya haijaribiwi ndani ya nyumba, wanangu. Litoe gari nje, uwashe, usubiri dakika zako kadhaa, maana antena inatafuta jirani zake mara ya kwanza na haijui nani anakaa wapi. Nyinyi mkisubiri ukurasa ufunguke kidogo tu mnadhani mmedhulumiwa. Subirini.

Na kabla hujabandika, Mzee Sadru alinifundisha kuishikiza kwanza kwa utepe wa karatasi, ule wa wapaka rangi. Unashikiza, unatoa gari nje, unaona kama inasikia. Ikisikia ndipo unabandika. Alikuwa akisema gari ni nyumba ya mtu, ukishatoboa umetoboa.

Waya ndio wenye kesi. Kwenye pikapu kuna ile taa ya breki ya juu, nyuma ya kabini. Ukiifungua pale unapata njia nzuri ya kupitisha waya, na ukiirudisha uzibe sawasawa kwa silikoni, sivyo mteja atarudi na ziwa lake mwenyewe chini ya kiti. Ukipitishia kwenye mpira wa mlango, uache waya uning'inie kidogo kabla haujaingia, maji yadondokee hapo. Na ukifika kwenye nguzo ya kioo cha mbele, kumbuka mle ndani kuna mfuko wa hewa wa kuokoa maisha. Waya upite nyuma ya mfuko. Bwana mmoja alijifundisha kwa video akaupitisha mbele yake, akaja kutuonyesha kwa fahari. Nikamwambia hongera, siku ya ajali waya wako mwenyewe ndio utakaokuchapa usoni.

Kisha gundi, na hapa ndipo hadithi yangu ilipo. Gundi ya antena ina wivu. Haitaki mtu wa tatu. Vumbi, nta ya kuoshea gari, alama ya kidole, chochote kikikaa kati yake na bati, inakuacha. Unapangusa kwa spiriti mpaka kitambaa kitoke cheupe. Kama ni majira ya baridi, unapasha bati joto kwa mashine ya kukaushia nywele, ile ile ya saluni, jirani zetu walikuwa wakituazima na kutucheka. Unabandika, unakandamiza, na gari linalala ndani mpaka kesho yake. Halioshwi, haliendeshwi, halipelekwi kuonyeshwa shemeji.

Nilikuwa pia na sheria yangu mwenyewe, haikuwa ya Mzee Sadru: ngazi yangu haipandwi na mteja. Mmoja alipanda kunionyesha kwa kidole antena ikae wapi, akashuka kwa mgongo. Tangu siku hiyo hata angekuja waziri mkuu angenielekezea akiwa chini.

Basi akaja Bahati.

Bahati ni kijana wa Uvira, Kongo, aliyefika nchi hii na mama yake wakiwa wakimbizi. Walikaa kwenye ghorofa moja huko Malvern. Alikuwa amefanya kazi kiwandani kwa muda, akaichoka, akapata kazi ya kupeleka vipuri vya pampu kwenye kambi za migodi, kaskazini kabisa, mbele ya Sudbury, kwa pikapu yake mwenyewe. Huko simu inakata mtandao, inabaki kuwa saa ya bei ghali. Njia ni za msituni, theluji inafuta alama zote, na mtu asiye na ramani inayojitegemea anaweza kukaa humo mpaka petroli iishe na baridi ianze kazi yake. Si utani. Watu wanakufa ndani ya magari mazuri.

Kijana alinunua kioo cha ramani na antena, akavifunga mwenyewe. Safari ya kwanza tu, alipoupita mji wa Barrie, antena ikabanduka katika mwendo, ikawa inaning'inia kwa waya na kupiga bati njia nzima kama mgeni asiyefunguliwa mlango. Akaisukumiza ndani ya kabini, ramani ikaduwaa. Huko mbele akakosea njia, akazunguka msituni, petroli ikashuka, mpaka akaokolewa na dereva wa gari la kusukuma theluji. Mzigo ulifika umechelewa. Bosi wake akamwambia yuko kwenye majaribio, na ikitokea tena asirudi. Safari ya pili ilikuwa keshokutwa yake.

Ndivyo alivyokuja kwetu, na mama yake pembeni, mwanamke mfupi mwenye kitenge juu ya koti zito, ameshika mkoba kwa mikono miwili.

Nilipanda ngazi. Nikapitisha kidole pale antena ilipokuwa. Kidole kikaenda chenyewe. Nikakinusa. Nimekaa na magari zaidi ya nusu ya umri wangu, nimenusa vyote vinavyonuka, lakini sikuwahi kukuta paa linalonukia saladi.

"Bahati, baba, hii ni nini?"

Akatazama viatu vyake. "Ni olive oil, auntie. Ya church."

Kwao gari jipya haliingii barabara kuu kabla halijaombewa. Mchungaji analizunguka na chupa ya mafuta, anapaka magurudumu, anapaka usukani, na pikapu hii, kwa kuwa ni kubwa na safari ni ya mbali, aliimiminia paa zima kwa ukarimu. Wakaimba, wakala wali. Na Bahati, akiwa bado na furaha ya ibada, akachukua antena yake siku hiyo hiyo akaibandika juu ya upako. Kijana alisoma maelekezo yote ya kwenye boksi. Sidhani kama boksi lilisema lolote kuhusu wachungaji.

Msidhani nilicheka kwa dharau. Kwetu Tanga gari jipya lingesomewa dua na kufukizwa ubani. Tofauti ni kwamba ubani haubandui gundi.

Nikashuka, nikachukua chupa ya spiriti na kitambaa, nikaweka mguu kwenye ngazi. Mama yake akaja akasimama mbele yangu.

"Unafanya nini, mama fundi?"

"Napangusa paa, dada. Mafuta haya ndiyo yaliyoangusha antena."

"Usipanguse." Sauti yake ilikuwa ya chini kabisa. "Ile si mafuta ya kupikia. Ile ni upako. Ukipangusa, umemuvua mutoto wangu nguo."

"Maman, please," Bahati akasema, kisha akamwaga Kiingereza chote alichonacho kuhusu kazi na bosi. Mama yake alikisikia chote, wala hakugeuka.

Mimi ulimi wangu mnaujua. Nikamwambia, "Dada, Mungu hahitaji gundi. Antena ndiyo inayohitaji."

Nilidhani nimesema neno la maana sana. Otieno akacheka. Mama yule hakucheka. Alinitazama, akaenda akaketi juu ya tairi lililolala pale pembeni, mkoba juu ya magoti, na akaongea huku akiitazama pikapu, si mimi.

"Bahati alikuwa na kaka, jina yake Safari. Alikuwa anabeba mizigo na lori, kutoka Uvira mpaka mji wa Baraka. Siku ile waliondoka mbio mbio, mimi nilikuwa sokoni, sikumuombea. Lori haikuonekana. Dereva hakuonekana. Yeye hakuonekana. Mupaka leo sijui alilala wapi." Akainyoshea pikapu kidole. "Sasa huyu anakwenda tena mbali, na gari. Na wewe unataka kupangusa."

Hapo niliona aibu, nasema wazi. Niliiweka chupa ya spiriti chini. Otieno alikuta kuna kitu cha kupanga kwenye kabati. Bahati alikuwa amegeukia ukutani. Nilikuwa na watu wawili mbele yangu, mmoja angeweza kufia msituni kwa kukosa ramani, mwingine alikuwa ameshafiwa mara moja na hakuwa tayari kukaa nyumbani akijua mtoto ametoka uchi. Na mimi nilikuwa na kitambaa tu.

Mzee Sadru ndiye aliyeinuka. Alimpelekea mama kiti, akamtoa juu ya tairi, akampa chai ya tangawizi, akarudi kuketi kwake. Aliponipita akaninong'oneza, "Paa kubwa, wee mama. Antena ndogo."

Ndiyo faida ya kuwa na mkubwa wako wa kazi. Mimi nilikuwa nimeshajiandaa kuosha paa zima, kwa hasira za kitaalamu.

Nikachutama mbele ya kiti cha mama yule. Nikamwambia, "Dada, nipe sehemu kama kiganja changu. Kiganja kimoja, na unakiona kilivyo kidogo. Hapo nitapiga spiriti. Pengine popote sigusi, paa lako libaki na upako wake. Antena ikishashika vizuri, kesho, mkitaka mumwagie pipa zima juu, mimi simo. Spiriti kwanza, upako baadaye. Ni mpango tu wa kazi."

Akakitazama kiganja changu, nadhani kweli alikuwa akikipima.

"Ile kitambaa utatupa wapi?" akauliza.

Sijawahi kuulizwa swali hilo na mteja yeyote. Nikamwambia sitakitupa popote, ni chake. Nikapanda, nikazungushia utepe wa karatasi sehemu ya kiganja kimoja, sikuvuka, nikapangusa mpaka ikawa kavu. Niliposhuka nikampa kitambaa. Kilikuwa cheusi, kinanuka spiriti na zeituni. Akakikunja mara nne kama leso ya harusi, akakitia kwenye mkoba. Nikapasha bati joto, nikabandika, nikakandamiza kwa kidole gumba mpaka kikafa ganzi.

Gari likalala ndani. Mama yule alitaka kulala nalo. Tulimwondoa wakati wa kufunga, kwa maneno mengi, na asubuhi nilipofika nilimkuta mlangoni, ameshuka kwenye basi, theluji kwenye mabega. Nikafungua. Akaenda moja kwa moja akasimama chini ya paa, shingo juu, kuona kama ile antena imekaa.

Kabla hamjaanza kunilowanishia karatasi kwa machozi, Bahati alikwenda na akarudi. Alikwenda tena na tena. Ameoa, ana tumbo, na antena ile ile bado iko juu ya pikapu ile ile yenye kutu. Nikikutana naye ananishauri namna ya kuegesha gari langu. Kwa hiyo tulieni. Ninachotaka mkisikie ni kilichotokea asubuhi ile, tulipoitoa pikapu nje.

Mama aliketi mbele, pembeni ya mwanawe. Mimi nilisimama kwenye mlango ulio wazi, nikiwasha kioo cha ramani. Kulikuwa na baridi ya kukata masikio na anga jeupe tu. Kwenye kioo vikaanza kutokea vidoa, kimoja, kikanyamaza, kisha kingine, kisha vikaja kwa pamoja.

"Hizi ni nini?" mama akauliza.

"Ni setilaiti, dada. Ziko juu huko, mbali sana. Antena imeshazisikia."

Akaviangalia vile vidoa kwa makini. Akagusa kimoja kwa ncha ya kidole, taratibu. "Zinamuona Bahati?"

Watu wote huuliza hivyo, na mimi nina hotuba yangu ya kuwakejeli. Nikaianza bila kufikiri. Nikamwambia hapana, watu wanadhani hivyo, lakini hazimwoni mtu. Hazimjui Bahati. Hazijui hata kama yuko duniani. Zenyewe zinapita tu na kusema saa ni ngapi, basi, na antena huku chini inasikiliza, kioo kinapiga hesabu chenyewe kiko wapi. Nilikuwa naendelea, na mikono naitumia.

Akanigeukia. "Sasa, ni nani anamuona?"

Nimejibu maswali ya wateja wa kila namna, na wengi wao nimewajibu kabla hawajamaliza kuuliza. Nilimtazama Bahati, yeye alikuwa anautazama usukani. Nilitazama dirishani kwa Mzee Sadru, naye alikuwa anatazama ndani ya kikombe chake. Mama aliendelea kuningoja, kwa heshima kabisa, kama mtu aliyemuuliza fundi jambo la kifundi.

Nikaenda ndani nikaleta ngazi yangu. Nikaifungua kando ya pikapu, nikaitikisa kuona kama imekaa sawa juu ya barafu.

"Njoo, dada," nikamwambia. "Pembeni ya antena, usiiguse yenyewe."

Akashuka, akafungua mkoba, akatoa chupa yake ya mafuta. Akapanda. Ngazi nikaishika mimi.